Saa Nne na Robo, Mvua Ikiruhusu

Kwanza konokono.
Nawaokota mmoja mmoja juu ya reli
nawatupia upande wa kabichi za Gaynor.
(Anajua. Hasemi kitu. Usiku hunirudishia.)
Kisha kuvumwani kwenye mataruma, kwa mswaki mkuukuu,
kisha jani la mtufaha lililolala penye makutano
kama karani aliyechoka.
Njia yenyewe ni nyembamba, upana wa vidole vitatu,
inazunguka kisima kisicho na maji,
inajipenyeza chini ya mawaridi,
inateremka kwenye kona ya vitunguu.

Halafu Lowri.
Injini ya chuma, kijani cha chupa ya mvinyo,
uzito wa paka aliyeshiba.
Maji kwa bomba la sindano, mafuta matone sita,
spiriti kwenye utambi, kiberiti,
na kusubiri.
Hili la kusubiri sijawahi kumweleza mtu.
Mshale wa presha umesinzia kwenye sifuri,
mimi nimepiga magoti kwenye gunia bichi,
miaka sabini na moja, magoti yote mawili yanalalamika,
na mle tumboni mwa chuma
kitu kinaanza kunong'ona.

Baba angecheka.
Emlyn, mtu wa machimbo ya mawe ya kuezekea
kule juu Cwm Hesgin,
alishuka mlimani na mabehewa yasiyo na injini,
mteremko ukiyavuta, breki mkononi mwake,
reli nyembamba kama hizi, ila zile ziliua.
Alinizuia getini.
"Tazama ukiwa hapo. Hapohapo. Usisogeze hata kiatu."
Nikatazama. Miaka sita nikatazama.
Kila jioni alirudi na vumbi la mlima kifuani
mpaka mlima ukamjaa.

Kwa hiyo mabehewa yangu manane nayapakia mawe ya kweli,
vipande vya kijivu nilivyovikata kwa koleo,
vimesimama wima, alivyovipanga yeye.
Saa nne na robo, mvua ikiruhusu, tunaondoka.

Jumamosi alikuja Non, mjukuu,
viatu vya mpira, pua inachuruzika.
Akamtazama Lowri mizunguko mitatu.
"Anakwenda wapi?"
Nikamwambia, anazunguka.
"Najua anazunguka. Mawe yanashuka wapi?"

Miaka kumi na tisa.
Shehena ileile, kutoka banda la zana
hadi banda la zana,
na hakuna paa hata moja lililoezekwa.

Nikajidai kuangalia mshale.
Non akapunga leso, nikafunga mvuke,
akayashusha mawe yote chini ya mtufaha
akihesabu kwa midomo,
akaanza kumwezekea chura nyumba.
Chura mwenyewe hayupo. "Yuko kazini."
Mabehewa yakaondoka matupu.

Nilipaswa kujua. Kona ile naijua kama kiganja.
Lakini Lowri, mgongo umekuwa mwepesi ghafla,
aliiingia kama mbuzi aliyekata kamba,
na puu! Matopeni, magurudumu juu,
akifoka mvuke, moto wa bluu ukilamba vitunguu.
Non alikuwa ameshaanza kukimbia kwenda kumwinua.

"Hapohapo! Usisogeze hata kiatu!"

Sauti haikuwa yangu.
Akasimama, mguu mmoja hewani,
ananitazama
kutoka upande ule wa geti.

Nikauzima utambi. Nikapangusa mikono kwenye suruali,
tena, ingawa ilikuwa imeshakauka.
"Njoo," nikasema. "Shika hapa. Si hapo, hapo pana moto.
Hapa."
Akashika. Tukamgeuza.

Vitunguu vinne vimeungua. Chura ana paa.
Nusu ya mawe aliyarudisha kwenye mabehewa, kwa masharti.
Tukajaza maji, tukapiga magoti, gunia moja watu wawili,
akaweka sikio karibu kuliko ninavyoruhusu
na mimi sikusema kitu.

Daftari la safari, mwandiko wangu:
Imeondoka saa tano kasorobo.
Imechelewa nusu saa.
Sababu: Non.